Safari za Kufuatana Katika Msimu wa Kusi: Nasaha kwa Mwenye Kusafiri na Ahali na Masahibu

Ifikapo mwezi wa Juni, mvua za masika zikiisha kukatika na upepo wa kusi ukiisha kushika njia yake, pwani yetu huingia katika majira ya kipupwe, ambayo kwa msafiri ni majira ya raha kuliko yote, kwa kuwa jua halichomi, barabara za udongo zimekauka, na usiku mtu hutamani shuka ya pili. Ndiyo majira ambayo shule za Tanzania hufunga kwa likizo ya kati ya mwaka, zile za Kenya zikafuatia mwezi wa Agosti, na jamaa zetu walioko Maskati, London na Toronto, ambao watoto wao hupewa likizo ndefu katika miezi ya Julai na Agosti, hukata tikiti waje kuwaona wazee. Basi nyumba moja ya Dar es Salaam, iliyozoea watu watano au sita, hujikuta imejaa mpaka barazani, na kila aliyekuja amekuja na haja yake: huyu anataka kumwona tembo kabla hajarudi Ulaya, yule ana nadhiri ya kuzuru kaburi la bibi yake milimani Usambara, vijana wamekwisha kuagana na wenzao kukutana Makunduchi, Unguja, siku ya sherehe ya Mwaka Kogwa, na yupo mzee mmoja ambaye tangu utotoni amesikia habari za Kilwa na hajapata kuitia machoni. Nakuandikia wewe mwenye nyumba hiyo, ambaye safari zote hizo zitakuwa shingoni mwako, moja ikiisha na nyingine ikianza, mpaka wageni wapande ndege.

Neno la kwanza ninalopenda ulishike ni kuwa safari moja, hata ikiwa na mashaka yake, humalizwa kwa subira. Lakini safari nne zikiunganishwa mkia kwa kichwa huharibikia katika viungo vyake, yaani katika zile siku za katikati ambazo wengi wetu huzihesabu kuwa ni hasara, tukazibana mpaka zikabaki usiku mmoja wa kufua nguo na kufunga tena mizigo. Weka siku tatu nyumbani baina ya safari na safari, wala usikubali zipungue. Siku ya kwanza ni ya kufua, na upepo wa kusi ni msaidizi mwema, kwa kuwa kanga iliyoanikwa asubuhi hukauka kabla ya adhuhuri. Siku ya pili isiwe na ratiba yoyote, watoto walale mpaka washibe usingizi, na watu wazima wapate wasaa wa kumtazama mgonjwa, kuhani msiba uliowapita wakiwa njiani, au kukaa kimya tu na mama zao. Siku ya tatu ndiyo ya kwenda sokoni na kufunga mizigo. Wapo watakaolalamika kuwa likizo ni fupi na mahali pa kwenda ni pengi. Hao waambie kwa upole kuwa afadhali safari moja iondolewe katika orodha kuliko siku hizi kuguswa, kwa kuwa mtu aliyechoka hagombani na njia, hugombana na ndugu yake.

Fauka ya hayo, siku za katikati ni siku za kuangalia siha. Homa ya malaria aghalabu huchukua siku 7 au zaidi tangu mtu aumwe na mbu mpaka alipuke joto, kwa hiyo mtoto atakayeumwa katika safari ya pili huenda aliyapata maradhi hayo katika ya kwanza, na dada yake akadhani ni uchovu wa gari. Mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Hili nalisisitiza kwa ajili ya jamaa watokao ng'ambo: mtu aliyezaliwa Tanga akaishi miaka mingi Uingereza hana tena ile kinga aliyokuwa nayo utotoni, na watoto wake hawakupata kuwa nayo kabisa, ila wengi wao huona haya kumeza vidonge vya kinga mbele ya ndugu waliobaki, wasije wakaambiwa wamekuwa Wazungu. Wewe mwenyeji uwe wa kwanza kuwauliza kama daktari wao amewapa dawa, na uwatandikie vyandarua bila ya kungoja waombe.

Lingine la siku hizo ni ruhusa ya kubaki. Mtu asiyetaka safari inayofuata na abaki nyumbani bila ya kutakiwa udhuru, awe ni nyanya aliyechoka magoti au kijana wa miaka kumi na mitano ambaye hana hamu na wanyama. Na aliyebaki asichukuliwe kuwa amewatenga wenziwe. Safari ya pamoja yenye watu wanaoburutwa ni nzito kuliko mizigo yake.

Sasa tuje katika tadbiri ya mpango. Watu hupanga safari kwa kufuata matamanio, au bei, au anayepiga kelele zaidi. Mimi nakunasihi uzipange kwa kufuata upepo na mwezi, kama walivyofanya mababu zetu ambao hawakuwa na hiari nyingine. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi Juni na Julai, na huanza kulegea kadiri Agosti inavyokwisha. Madhali ndivyo, safari za bara na milimani zitangulie, mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai. Unguja iwe katikati, kwa kuwa Mwaka Kogwa una tarehe yake katika mwezi wa Julai wala hauwezi kusogezwa. Na Kilwa, ambako mtavuka kwa chombo kidogo, iachwe mpaka mwisho wa Agosti bahari ikishatulia. Na katika zote, ile fupi na nyepesi iwe ya kwanza, kwa sababu ndani yake mtajuana: nani anatapika ndani ya gari, nani haamki, nani hula polepole, mtoto gani hutoroka.

Kabla ya hiyo ya kwanza, kaeni kikao mambo mawili yapatane. La kwanza ni amiri. Mafunzo ya dini na mila ya pwani vyote viwili vinakubaliana kuwa wasafiri wakiwa watatu au zaidi wamteue mmoja wao wamsikilize, na maana yake si kuwa huyo ni bora kuliko wenziwe, bali saa kumi na moja alfajiri, basi linanguruma na mtu mmoja hajulikani alipo, lazima awepo wa kusema twende au tungoje. Asiwe lazima mwenye umri mkubwa, wala mwenye fedha nyingi. Aghalabu nimeona kuwa shangazi mmoja mwenye sauti ya utulivu, ambaye watoto humpenda na wanaume humstahi, hufaa kuliko mabwana watatu wenye ramani.

La pili ni mfuko, na hapa naomba uniwie radhi nikikaa kidogo, kwa kuwa udugu mwingi umeingia ufa kwa jambo hili. Jamaa atokaye ng'ambo hupokewa kwa furaha ya kweli, lakini ndani ya furaha hiyo huwamo dhana kuwa yeye ndiye mlipaji, na kila bili ikija macho humwelekea. Naye, kwa kuona haya, hulipa, na kwa kulipa hunung'unika moyoni, na mwaka unaofuata hutafuta sababu ya kutokuja. Upande wa pili, yupo binamu aliyebaki, mwenye mshahara mdogo, ambaye hulipiwa kila kitu mpaka akajiona mgeni katika nchi yake. Dawa yake ni hesabu ya wazi tangu mwanzo. Gharama za shirika, yaani nauli, malazi na chakula, zigawanywe kwa vichwa, watoto wakihesabiwa nusu. Haja za mtu binafsi, kama soda, zawadi na vocha za simu, kila mtu na mfuko wake. Asiyeweza kutoa fedha nzima apewe nafasi ya kutoa kitu kingine chenye thamani mbele ya wote: mchele wa shamba lake, gari lake, au kazi ya kuwa mwenyeji wa njia. Na mwenye wasaa akitaka kuongeza, aongeze kwa kutaja kitu, kwa mfano aseme, gari la kwenda Usambara ni juu yangu, ili shukrani iwe na mahali pa kwenda na isigeuke kuwa desturi. Fedha zikusanywe kwa simu kwa mtunza hazina mmoja, asiyekuwa amiri, aandike kila shilingi katika daftari, na katika kila siku ya kufua, wakati nguo ziko kambani, awasomee wenziwe alichotumia.

Nikiwa katika mizani ya fedha, nataja na mizani ya jikoni. Mara nyingi safari tunayoiita mapumziko huwa ni mapumziko ya wanaume tu, ilhali mama wa nyumba amehamisha jiko lake kutoka Temeke akalipeleka Lushoto, na huko hukoroga uji kwa moto wa kuni zilizolowa. Jambo hili ni dhuluma, na linaendelea kwa sababu limezoeleka. Zamu ya kupika, kuosha vyombo na kuwaogesha watoto iandikwe katika daftari lile lile la fedha, na majina ya kaka na mashemeji yawemo.

Nyaraka nitazipitia kwa haraka. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, kwa kuwa tikiti za boti za Unguja hukatwa kwa jina; watoto wachukuliwe nakala za vyeti vya kuzaliwa. Ndugu mwenye pasi ya nchi nyingine ajue mapema kuwa katika hifadhi za taifa atatozwa kiingilio cha mgeni, ambacho ni kikubwa kwa mbali kuliko cha raia wa Afrika Mashariki, hata kama sura yake na Kiswahili chake ni cha Kariakoo. Asije akafedheheka langoni mbele ya watoto. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa noti, hulipwa kwa simu au kadi. Tangu Oktoba 2024 mgeni aingiaye Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari inayokatwa huko huko, na hii haifuti ile aliyokuja nayo. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo waambie wageni wako wasifungie viatu katika mifuko ya maduka ya ng'ambo, bali wachukue ya nguo.

Safari ya kwanza na iwe ya Morogoro na Mikumi. Nendeni kwa treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, ambayo hukata masafa ya kiasi cha kilomita 200 kwa muda usiofika saa mbili. Fikeni kituoni mapema sana, kwa kuwa kuna ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege na milango hufungwa kabla ya mwendo. Morogoro mkodi gari; barabara kuu ya Iringa hupita ndani ya hifadhi ya Mikumi yenyewe, kwa kilomita 50 hivi, ambako twiga na pundamilia huonekana kandoni bila ya kiingilio. Mwambieni dereva aheshimu vibao vya mwendo, kwa maana anayemgonga mnyama hulipa faini kubwa. Lakini kwa ajili ya tembo na nyati ingieni hifadhini, bonde la Mkata, alfajiri, wakati huu wa ukavu ambapo wanyama huyafuata maji machache yaliyosalia. Laleni usiku mmoja, au mbili, mrejee. Hii ni safari ya majaribio.

Ya pili ni ya milimani, na hiyo msiikimbilie. Kutoka Dar es Salaam mtapita Chalinze, Segera na Korogwe mpaka Mombo, mwendo wa karibu siku nzima kwa basi. Hapo Mombo mshuke, mnyooshe miguu, watoto wale kidogo tu, kwa kuwa kilomita 33 za kupanda Lushoto zimejaa kona zinazofuatana bila huruma ukingoni mwa korongo. Mwenye tumbo jepesi apewe kiti cha mbele na kipande cha tangawizi atafune, aangalie mbali barabarani, wala asishike simu. Mkifika Soni, ambako maji huanguka karibu na barabara, nusu ya taabu imekwisha. Lushoto ni zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na watu wa pwani, nawajumlisha wote, hawaamini maneno ya baridi mpaka yawapate: chukueni masweta ya kweli, soksi, na blanketi moja kwa kila watoto wawili, kwa sababu usiku wa Julai huko si wa kanga mbili.

Kabla ya kupanda, nakuomba ufanye jambo moja ambalo halina gharama. Tafuteni mmoja katika jamaa mwenye sauti nzuri ya kusoma, awasomee watoto kisa cha Mbegha katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi Ajjemy: jinsi mwindaji yule alivyokataliwa na ndugu zake wa Nguu kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza, akatoka na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Washambaa, akawagawia nyama, nao wakamfanya mfalme wao. Mtoto aliyesikia hayo akiwa Temeke, akasimama juu ya mwamba wa Irente na kuona nyika imetandazwa chini yake mpaka macho yashindwe, hahitaji tena kuambiwa mfalme aliona nini. Hapo Irente pana shamba linalouza mkate, jibini na jemu, na ni mahali pema pa chakula cha mchana kwa wazee wasiotaka kutembea zaidi. Vijana wenye nguvu, wakiwa na kiongozi wa njia wa mahali pale, waweza kwenda kwa miguu siku kadhaa kupitia msitu wa Magamba na vijijini mpaka Mtae, ukingoni kabisa mwa milima. Waachwe waende, mkutane nao baadaye. Na mwenye kaburi la kuzuru asiliweke siku ya mwisho. Aliweke siku ya pili, asubuhi, na jamaa wote wafuatane naye, kwa kuwa huenda wenyeji wakawazuia kwa chakula, na kukataa chakula chao kwa sababu basi linaondoka ni jambo la kusikitisha sana.

Unguja sasa. Boti za kasi huchukua kiasi cha saa mbili kutoka Dar es Salaam, na katika kusi mwendo wa kwenda ni mwepesi kuliko wa kurudi, maana wakati wa kurudi chombo huyakabili mawimbi. Kateni tikiti za asubuhi, wakati upepo haujapata nguvu, mkae katikati au nyuma, mahali penye hewa. Mwaka Kogwa hufanyika Makunduchi, kusini ya kisiwa, aghalabu katika wiki ya tatu ya Julai, na ni mwaka mpya wa kale, unaonasibishwa na Washirazi na Nairuzi yao. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa magogo ya migomba mpaka vinyongo vya mwaka uliopita vimeishia uwanjani. Kibanda cha makuti hutiwa moto. Wanawake, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, huzunguka wakiimba. Kisha watu hula. Mila ya pale hupenda kila nyumba iwe na mgeni siku hiyo, kwa hiyo mkialikwa msione haya kuitika, na msiende mikono mitupu: sukari, mchele, majani ya chai, vyote vina heshima. Watoto wadogo wakae mbali na uwanja wa magomba, maana mapigo yake ni ya kweli. Vaeni vazi la staha, na mtu asipigwe picha kabla ya kuombwa ridhaa, hususani wazee wanaosimamia mila. Malazi ya kusini hujaa mapema; agizeni mwezi mmoja kabla, au zaidi.

Kesho yake nendeni Kizimkazi Dimbani, ambako aghalabu wageni hukimbilia pomboo na kupita mlango wa kitu kikubwa zaidi. Msikiti mdogo wa pale una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia, na ni katika maandishi ya zamani kabisa ya Kiislamu yanayojulikana katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Vueni viatu, ombeni idhini kwa mwangalizi, msogelee kibla polepole. Herufi ni za Kufi, zimechongwa katika jiwe la matumbawe, jiwe ambalo kwa asili yake lina matundu na hukatika ovyo, na juu ya hayo fundi yule amezifanya ncha za alifu na lamu zipande, zipinde, zisokotane kama mmea unaotafuta mti. Mpe kila mtoto nafasi ya kusimama karibu kiasi cha kuona alama za patasi. Ama pomboo, kama mtakwenda, mwambieni nahodha kwa bayana kuwa hamtaki awafukuze, wala hamtaki kurukia majini juu yao. Boti nyingi zikizunguka kundi moja la wanyama wanaotaka kupumzika ni adha, na nahodha ataacha tu akiona wateja wenyewe hawaipendi.

Kuhusu kuogelea, na hasa pwani ya mashariki, jifunzeni mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mno kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku, mpaka mtu akaweza kutembea kwa miguu kuelekea mwambani. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Na baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, ambapo bahari hujaa asubuhi kiasi cha saa nne, ila haijai sana wala haipwi sana. Kwa hiyo familia iliyofika siku ya bamvua isipange kuogelea asubuhi. Ipange matembezi ya maji yaliyokupwa, watoto wakiwa na viatu kwa sababu ya wanyama wale wenye miba mirefu myeusi, wakitazama mashamba ya mwani ya akina mama bila ya kukanyaga kamba zao, ambazo ni riziki ya nyumba. Na amiri aangalie saa. Maji ya bamvua yakirudi huingia kwanza katika mikondo iliyo nyuma ya mafungu ya mchanga, kati ya mtu na nchi kavu, wakati mbele yake bado pakavu. Watoto waitwe warudi mara tu maji yanapoanza kugeuka, wasiachwe mpaka yaonekane.

Iliyobaki ni Kilwa, na nakiri kuwa ndiyo nipendayo kuliko zote. Kabla ya kuondoka ulizeni hali ya barabara ya Lindi, maana mafuriko ya 2024 yaliikata upande wa Somanga. Ikiwa njema mtavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, na jioni mtakuwa Kilwa Masoko. Kibali cha kuzuru magofu ya mji wa kale yaliyoko kisiwani hutolewa hapo Masoko, na kiongozi wa kisiwani hupatikana hapo hapo. Msivuke bila ya vyote viwili. Asubuhi mwe ufukoni mapema, saa moja na nusu, kwa kuwa kusi hata ikiwa imelegea huamka adhuhuri, na ni vyema mwe mmerudi kabla ya saa nane. Mwulizeni nahodha majaketi ya kuokoa maisha kabla ya bei, muyahesabu, muyajaribu kwa watoto. Akiwa hana ya kuwatosha, mshukuruni mtafute mwingine. Wazito na wazee wakae katikati ya dau, watoto chini, mtu asisimame tanga linapogeuzwa, na maji yakiwa yamekupwa mtashukia majini mpaka magotini, kwa hiyo suruali zikunjwe na nyanya abebwe bila ya mjadala.

Kiongozi atawaonesha Gereza karibu na mahali pa kushukia, kisha Msikiti Mkuu wenye nguzo na makuba yake. Msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji huu kuwa ni katika miji mizuri. Sultani wa siku hizo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, na jumba lake, Husuni Kubwa, liko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali, likiwa na birika la pembe nane linaloelekea bahari. Mwendo wa kwenda huko ni wa jua. Kwa mzee, mwombeni nahodha awazungushe kwa chombo iwapo maji yanaruhusu, akapandie upande wa bahari. Kaeni hapo birikani muda mrefu. Watu huja Kilwa wakapiga picha ya msikiti wakaondoka, hali magofu haya, yaliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, na yaliyokuwa hatarini kwa miaka kumi mpaka 2014, yanastahili asubuhi nzima ya mtu na mwanawe. Yule mzee aliyeitamani Kilwa tangu utotoni asiharakishwe kwa lolote.

Mkirudi Dar es Salaam, zile siku tatu za mwisho zisiliwe na maduka. Mizigo ya wageni ikaguliwe nyumbani kabla ya uwanjani: makombe, matumbawe na vitu vya gamba la kasa watoto huviokota au kuvinunua kwa nia safi, lakini kuvitoa nje bila kibali ni kosa, na kuvitoa sandukuni mbele ya maofisa, safari imekwisha kuitwa, ni huzuni isiyo ya lazima; virudishwe ufukoni, na vya gamba la kasa visinunuliwe kabisa. Viungo vya Unguja vinunuliwe dukani, kwa stakabadhi. Mtunza hazina asome daftari kwa mara ya mwisho, kila mtu akiwepo, na kilichobaki kigawanywe kwa kadiri ya michango, ila kwanza litolewe fungu la dada wa nyumbani aliyefua nguo zenu msimu wote, apewe mkononi, mbele ya watu, na siku zake za mapumziko zitajwe hapo hapo.